Barua ya wazi kwa wanaosimamia maji na afya ya umma Kisumu: kuvu kwenye maji yetu nani anaipima?

KWA: Wakubwa wote mnaosimamia maji ya kunywa na afya ya umma mjini Kisumu
KUTOKA: Mhudumu wa afya ya jamii, Manyatta
KUH: KUVU KWENYE MAJI YA MFEREJI, MABOMBA NA MATANKI

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni CHP, yaani mhudumu wa afya ya jamii, hapa Manyatta, mmoja wa wale mnaowaona na begi la kazi tukizunguka ploti kwa ploti, na nyumba ninazohudumia nazijua mlango kwa mlango. Hii barua sikutaka ifike hadharani. Nilianza kwa mdomo, nikaja kwa maandishi, nakala yangu ikapigwa muhuri, nikaambiwa niende ofisi ile nyingine, ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza, na mwisho nikajibiwa maji iko sawa, imepimwa, haina E. coli, ile bakteria ya kinyesi. Sasa naandika mahali kila mtu anaweza kusoma kwa sababu mimi sikuuliza E. coli. Niliuliza kuvu.

Wacha niseme kwanza kile nimeona halafu ndio nije kwa malalamiko yenyewe.

Kuna ploti moja huku kwetu, vyumba kama ishirini hivi, mfereji ni mmoja pale uani na unatoka kwa tanki jeusi la lita 5,000 lililowekwa juu ya stendi ya chuma. Maji ikija usiku tanki linajaa, ikikatwa watu wanaishi na hiyo ya tanki mpaka irudi tena. Akina mama wa hapo wamefunga kitambaa cheupe kwa mdomo wa mfereji, na nilipofika kitambaa kilikuwa kimegeuka kijivu na katikati kuna vipande vyeusi vyembamba, ukivifinya vinateleza na kuacha alama kwa kidole. Keyateka, yule mtunza ploti, akapanda juu, mimi nikashika ngazi. Alipofungua kifuniko harufu ilishuka mpaka chini, ile ya nguo zilizolowekwa kwa beseni zikasahaulika. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na madoa meusi na mengine ya kijani yenye manyoya manyoya, na ukutani pale juu ya maji ukipitisha kidole kinarudi na utelezi. Hiyo ndio maji watoto wa hapo wanakunywa, wanapikiwa uji, wanaogeshwa.

Nieleweke vizuri, sijasema nimepima. Ule uteute mweusi unaweza kuwa madini ya manganizi, unaweza kuwa bakteria, unaweza kuwa kuvu, na mara nyingi ni mchanganyiko. Hata ule utando wa pinki unaoota bafuni unaweza kuwa bakteria na unaweza kuwa kuvu ya jamii ya hamira inaitwa Rhodotorula, kwa macho huwezi jua. Na ule ukijani unaofunika ziwa wakati mwingine hapa upande wetu wa ghuba, watu wengi wanauita kuvu lakini ule ni sayanobakteria, bakteria za kijani za majini, una sumu zake na shida zake, ni mambo tofauti. Ndio maana naomba kipimo. Jicho langu limeona kitu na limeishia hapo, mwenye labu ni nyinyi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnapima kitu kimoja halafu mnatuambia maji ni salama.

Kipimo cha E. coli kinatafuta dalili ya kinyesi. Kikitoka safi maana yake ni kwamba hiyo chupa, hiyo saa, haikuwa na dalili ya kinyesi, na kwa mji unaojua kipindupindu hiyo ni habari njema na sitaki mtu adhani naidharau. Lakini kuvu haifuati kinyesi. Spora zake, yaani mbegu zake ndogo sana, zinatoka kwa udongo, majani yanayooza, vumbi, mto na ziwa, zinaingia na maji ghafi, zingine zinaingia kwa tanki lililo wazi, zikishapata mahali pa kushika zinajenga. Kwa hivyo maji inaweza kupita kipimo cha E. coli vizuri kabisa na iwe imejaa kuvu, hakuna kinachogongana hapo. Tena E. coli mnaisoma baada ya kama saa 24, kuvu inakua polepole, ukiipanda kwa sahani ya agari ya Sabouraud, chakula cha kuoteshea kuvu, unangoja siku tano, saba, zingine zaidi. Labu inayosoma sahani kesho yake na kuzitupa haiwezi kuiona hata kama iko.

Na hii sio kitu nimeota. Aspergillus, Penicillium, Cladosporium, Fusarium, Exophiala, hizo ni aina za kuvu na zote zimeshapatikana kwa maji ya mfereji kwa nchi ambazo mitambo yake ni mizuri kuliko yetu. Norway walipochunguza waliona maji ya mito na maziwa inabeba kuvu nyingi kuliko maji inayotolewa chini ya ardhi, na sisi Kisumu maji yetu ya bomba ni ya ziwa na mto. Sweden waliweka kabisa kikomo kwa kanuni zao za maji ya kunywa, kuvu 100 zinazoweza kuota kwa kila mililita 100 pale mtu anapofungulia mfereji wake, ikizidi hapo mwenye maji ajieleze. Sisi hatuna hata namba ya kuanzia.

2. Klorini inaishia wapi?

Mnaweka klorini kwa mtambo, hatukatai. Lakini spora za kuvu zina ukuta mgumu, zingine zina rangi nyeusi ya melanini inayozikinga, na zinavumilia klorini kuliko E. coli inavyovumilia. Kiasi cha klorini kinachotosha kuua bakteria kinaweza kuziacha hai. Halafu hiyo klorini inapungua njiani. WHO inasema ikifika kwa mtumiaji isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Sasa chukua tanki jeusi, jua la Kisumu la saa nane, maji imelala humo siku mbili tatu, ndani kuna utelezi unaoila klorini kabla haijafanya kazi, unabaki na ngapi? Kipimo chenyewe ni kidonge cha DPD kwa kichupa na rangi ya pinki ikitokea unalinganisha, dakika chache umemaliza. Tangu nianze hii kazi sijaona mtu amekuja kufanya hivyo kwa mfereji wa ploti yoyote ninayohudumia. Pengine mnapima kwa mtambo na kwa laini kubwa. Sisi hatunywi maji ya mtambo, tunakunywa ya mwisho wa laini.

3. Mgao wa maji.

Najua mgao una sababu zake, stima, umeme wa pampu, laini kupasuka, watu kuongezeka, sitaingia huko. Ninachosema ni kwamba bomba linalojaa na kukauka ndio nyumba nzuri ya huo utando. Maji ikikatwa presha inashuka, kila ufa unavuta udongo na maji ya mtaro kuingia ndani, na huku kwetu laini zingine zimepita juu ya mitaro, mnajua. Maji ikirudi kwa nguvu inabandua ule utando ukutani mwa bomba na kuubeba wote mpaka kwa mtungi. Ndio ile maji ya kahawia ya kwanza. Tunawaambia watu waimwage, lakini ukinunua mtungi wa lita 20 kwa pesa yako nani anamwaga? Mama anaiacha itulie, anachota ya juu.

4. Tanki halina mwenyewe.

Hapa ndipo nimezungushwa zaidi. Upande wa maji wanasema kazi yao inaishia kwa mita. Upande wa afya wanasema tanki ni mali ya landilodi, wao wanaweza kumwandikia notisi kama kuna malalamiko rasmi. Malalamiko rasmi nimeleta. Landilodi anasema alinunua tanki akaliweka, hajui kama kuna sheria ya kuliosha. Keyateka analipwa kidogo, hana ngazi ya maana, hana dawa, hajawahi kuonyeshwa vile linaoshwa, na kwa kweli kuingia ndani ya tanki la lita 5,000 peke yako na klorini ni hatari, mtu anaweza kuzimia humo. So kuanzia kwa mita mpaka kwa kikombe hakuna mtu anawajibika, na hicho ndicho kipande cha safari ambacho maji inaharibika zaidi. Kwa kioski ni vilevile, kwa mkokoteni ni vilevile na zaidi, maana ile mitungi ya manjano ndani ina utando ambao hakuna brashi inafika. Naomba msinielewe kama nalaumu wauza maji, bila wao sehemu zingine za Nyalenda na Obunga watu wangekuwa wanakunywa ya visima vilivyo karibu na vyoo.

5. Wagonjwa wetu.

Hii ndio sababu silali.

Mtu mzima mwenye afya akinywa kuvu kidogo kwa maji mara nyingi mwili wake unaimaliza, na sitaki mtu asome hii barua akimbie hospitali kwa sababu maji yake inanuka. Shida ni wale ambao mwili wao hauna hiyo nguvu. KENPHIA, utafiti wa kitaifa wa HIV, ya 2018 ilipata HIV kitaifa ni asilimia 4.9 ya watu wazima, na Kisumu, Homa Bay na Siaya zikawa juu kwa mbali, mara tatu hivi na kuzidi. Hao ni watu wangu, nawapelekea ujumbe wa kliniki, najua nani ameanza dawa juzi na nani ameacha. Ongeza wenye sukari, ongeza watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ongeza wanaotibiwa saratani, ongeza wenye vidonda. Ongeza waliomaliza dawa za TB, kwa sababu TB inaacha matundu kwa mapafu na Aspergillus inapenda sana hayo matundu, mtu anarudi kukohoa damu, anapimwa TB hakuna, anaandikiwa dawa za TB tena. Hao tunao. Sisemi ni maji ndio iliwafanya hivyo, Aspergillus wengi wanaivuta kwa hewa na vumbi. Nasema kwa mji wenye watu wengi namna hii ambao kuvu inaweza kuwalaza, mlango wowote inakopitia unafaa kuangaliwa, na mlango wa maji haujaangaliwa.

Na maji haiingii mwilini kwa mdomo peke yake. Inaingia kwa kidonda, kwa ngozi, na kwa mvuke wa bafuni. Marekani, kule Arkansas, watafiti walichunguza maji ya hospitali moja kwa miaka mitatu na mwaka 2002 wakachapisha kwamba Aspergillus iko kwa mfumo wa maji, na wakaonyesha pia kwamba kusugua tu sakafu za bafu kabla ya wagonjwa kuoga kulipunguza spora hewani. Kusugua sakafu! Hiyo sio mashine ya mamilioni. Mwezi wa Oktoba 2022 WHO nayo ikatoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari kwa binadamu, aina 19, na nne zikawekwa daraja la juu kabisa: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Candida auris imeshaonekana kwa hospitali hapa Kenya na dawa nyingi za kuvu haiogopi. Sasa niwaulize kwa heshima, tanki la zahanati ambapo mama anajifungulia na kitovu cha mtoto kinaoshwa, liliwahi kupimwa kuvu? Liliwahi kuoshwa lini?

6. Majibu hatuyaoni.

Hata hivyo vipimo mnavyofanya, matokeo hatuonyeshwi. Hakuna ubao, hakuna karatasi kwa ofisi ya chifu, hakuna meseji. Bili inafika kwa simu kila mwezi bila kukosa. Inayoweza kuleta bili inaweza kuleta matokeo.

Sasa najua mtajibu nini, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Mtasema viwango vya Kenya havidai kuvu ipimwe kwa maji ya mfereji. Hata mwongozo wa WHO haujaweka kikomo cha kuvu, nalijua hilo. Lakini Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, haikusema salama dhidi ya E. coli tu, na hakuna sheria inayowakataza kupima zaidi ya kiwango. Kiwango ni pa kuanzia.

Mtasema watu wachemshe. Ni kweli kuchemsha kunaua kuvu, na mimi mwenyewe ndio ninayewaambia wachemshe nyumba hadi nyumba. Lakini makaa mnajua bei, na hakuna mtu huku anachemsha maji ya kuoga, ya kuosha kidonda, ya kusuuza vyombo. Na kama kuvu imetoa sumu yake, sumu nyingi za kuvu haziondoki kwa kuchemsha, mfano mzuri ni aflatoksini. Dawa ya kutibu maji nyumbani nayo ni klorini ileile, ukiiweka kwa maji yenye matope na utando inaisha nguvu.

Mtasema hakuna mtu amekufa kwa kuvu ya maji Kisumu. Hamwezi kujua, kwa sababu hakuna anayetafuta. Mwaka 2004, hasa kule Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa aflatoksini, ambayo ni sumu ya kuvu. Ile ilikuwa ya mahindi, kiwango kikubwa sana, na silinganishi na maji ambapo sumu ikiwepo inakuwa kidogo na imechanganyika, ingawa Uingereza mwaka 1997 watafiti waliripoti kuipata kwa maji ya tanki. Nakumbusha tu vile ilijulikana. Ilijulikana kwa watu kufa, na mahindi ilipimwa baada ya hapo.

Mtasema natia watu hofu. Watu wa hapa tayari wanafunga vitambaa kwa mifereji. Kama kuna mtu anadhani wamefunga kwa mapambo aje tumwonyeshe.

Na mtasema pesa. Hapa naelewa, na ndio maana sijaomba mabomba mapya kwa hii barua ingawa tunayahitaji. Ninachoomba kinaweza kuanza na watu na vifaa mlivyonavyo:

Anzeni na vituo vya afya. Matanki na mifereji ya zahanati na wodi za kina mama zipimwe kuvu, sampuli zichukuliwe mferejini na kwa tanki, zipandwe na zingojewe siku zinazotakikana, msimu wa kiangazi na msimu wa mvua ndefu. Labu za vyuo ziko hapahapa Magharibi, wanafunzi wa maikrobayolojia wanatafuta kazi ya kufanya, ongeeni nao. Halafu chukueni ploti chache za Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani, za mwisho wa laini, mpime kuvu, klorini iliyobaki na uchafu wa maji siku moja. Mimi nitawapeleka.

Semeni ofisi gani inawajibika kwa tanki la ploti. Moja. Kwa maandishi. Na landilodi apewe kanuni fupi: kifuniko kinachofunga, neti kwa bomba la kupumulia, kuosha na kuweka dawa angalau mara mbili kwa mwaka, tarehe iandikwe kwa tanki. Keyateka wafundishwe vile linaoshwa bila mtu kuhatarisha maisha.

Kabla ya kufungulia maji baada ya mgao mrefu, laini zimwagwe kwanza kwa gharama yenu, sio kwa mtungi wa mteja.

Na matokeo yabandikwe. Kwa Kiswahili na Dholuo, kwa kioski cha maji, kwa zahanati, kwa chifu. Yakiwa mabaya pia yabandikwe, na mseme mnafanya nini.

Hili la matokeo sio ombi la hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinanipa haki ya kuuliza, na sheria inakubali niulize kwa Kiswahili. Kwa hivyo chukueni barua hii kama ombi rasmi: naomba rekodi zote za vipimo vya maji inayoletwa Manyatta kwa miaka miwili iliyopita, pamoja na mahali sampuli zilichukuliwa, na kama kuvu imewahi kupimwa hata mara moja mnionyeshe karatasi. Sheria inawapa siku 21, na habari ikiwa inahusu uhai wa mtu ni saa 48. Mimi nasema kwa wale wagonjwa niliowataja inahusu uhai, lakini nitangoja hizo 21. Zikipita bila jibu napeleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na nitaweka hapahapa nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Nakala yenye jina langu na namba yangu iko mezani kwenu. Siku za kliniki niko zahanati kuanzia asubuhi, siku zingine niko kwa ploti. Mkituma mtu wa sampuli aje na chupa zilizosafishwa na ngazi, ya keyateka imevunjika kidato.

Wenu katika huduma,

Mhudumu wa afya ya jamii
Manyatta, Kisumu